Gamba la Buibui wa Dada

Tulipoamriwa kuhama mashambani na kujipanga kandokando ya barabara Kibaoni, kila mtu alibeba alichokithamini. Baba aling'oa milango. Dada yangu mkubwa, ambaye moyo wake ulikuwa mbovu hata hakuweza kufika kisimani, alisukumwa kwa baiskeli akiwa amepakata chungu. Ndani mlikuwa na buibui mweusi mwenye manyoya, anajaa kiganja, aliyechimbuliwa nyuma ya nyumba tuliyoiacha.

Nilimchukia yule mdudu. Panzi aliowala ni mimi niliyewakimbiza juani, na bado alinitazama kama nimechelewa.

Mtawa wa zahanati, aliyekuja kumpima dada, ndiye aliyemwambia kwamba dume likishakomaa hufa upesi, lakini jike huishi miaka mingi. Tangu hapo dada alitaka kujua hilo tu. Sote tulijua yeye mwenyewe hafiki mbali, naye alijua. Alitaka kitu chake kibaki.

"Hilo dume," baba alisema. "Jogoo na tetea, nani mkubwa? Dubwana lote hilo liwe jike?"

Mtawa alimwelekeza dada asubiri buibui ajivue gamba, alilowanishe, alifungue upande wa tumbo. Akikuta kifuko kidogo kati ya mabaka mawili meupe ya juu, huyo ni jike. Dada akasubiri. Buibui akaacha kula, nami nikapumzika na panzi.

Kumbe buibui hujivua akiwa amelala chali. Hilo hakuna aliyetuambia. Asubuhi moja dada amesinzia, mama aliingia kufagia, akafunua chungu, akamkuta miguu juu, amepauka, hatikisiki. Kwetu kitu kilichokufa hakiachwi chumba kimoja na mgonjwa. Akammwaga uani pamoja na gamba lake. Niliona miguu ikijikunja, nikapiga kelele, lakini kuku aliniwahi.

Gamba lilibaki. Dada aliomba aletewe, na bakuli la maji. Alilifungua kwa mwiba taratibu. Nilikuwa nimeinama begani kwake na nilikiona kifuko, kidogo kama punje ya ulezi, mahali palepale alipopataja mtawa. Mama alisimama mlangoni na fagio, anaogopa kuuliza.

"Dume, mama," dada alisema. "Angekufa tu."

"Si nilisema?" baba alijibu kutoka nje.

Mama akakaa palepale kizingitini, akashusha pumzi. Nilimgeukia dada. Alinikazia macho mpaka nikanyamaza, na siku nzima nilishinda nimekasirika.

Tulimzika dada kabla mpunga haujavunwa, wa kwanza katika makaburi mapya ya kijiji. Mama sasa ni mzee. Akimkumbuka dada husimulia habari ya buibui, na humalizia kwamba afadhali lilikuwa dume, halikuwa na siku nyingi.

"Ndiyo, mama," mimi humjibu.