Sanduku Lililodai Neno

"Pasi! Umechomeka pasi kwenye betri ya mashine!" Fundi alisimama katikati ya sebule, bisibisi mkononi kama mtu aliyeshika kisu. "Nyumba nzima hii, soketi uliyoiona ni hiyo hiyo?"

"Ya ukutani imekaliwa na hilo friji lako jipya," mkewe akamjibu bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshika shati, upande mmoja umenyooka, wa pili una makunyanzi. "Nilitaka uvae nguo ya maana, watu wasije wakasema umeoa mashine na mimi ni mpangaji."

"Nimekwambia mara ngapi hiyo betri haibebi pasi?"

"Mara nyingi. Na mimi nimekwambia mara ngapi utoe vyuma mezani tupate pa kulia?"

Friji hilo halikuwa friji. Lilikuwa bati la kompyuta kuukuu lililotupwa ofisini kwa shemeji yake. Fundi alilifungua, akalipangusa vumbi, akatia ubongo mwingine, feni mpya na diski mbili, zote zikihifadhi kitu kilekile ili moja ikifa nyingine isimame. Lilikuwa limekamilika, tumbo tupu, likisubiri kupokea mali kutoka kwa sanduku la zamani.

La zamani lilikaa nyuma ya televisheni, dogo kama mkate, limeunganishwa na intaneti ya nyumba. Kila picha iliyopigwa kwa simu za nyumba ile ilikimbilia humo. Kisha majirani nao wakaanza kuleta zao: simu ikijaa, mtu anakwenda kwa Fundi, picha zinahamia sandukuni, anaondoka na simu nyepesi. Ndiyo maana mtaani waliacha kumwita Fundi Redio wakamwita Benki. Na kwa kuwa mali ya watu si ya kuchezea, alilifunga kwa neno la siri. Mwizi angelibeba, angekuwa amebeba chuma tu. Neno lenyewe sanduku liliuliza pale tu lilipowashwa upya, na tangu siku ile ya kwanza halikuwahi kuzimwa. Umeme ukikatika, betri ililishikilia.

Mpaka pasi ilipoizidi nguvu betri, vyote vikazimika.

Siku hizo lilikuwa limeanza kukohoa ndani, kru, kru, kama mzee wa kifua. Fundi alijua diski zake ziko njiani kufa, akawa anaharakisha lile jipya. Sasa lilikuwa limewaka tena, likakohoa, na kwenye kioo cha televisheni likaandika: *Ingiza neno la siri.*

Fundi akavuta kiti. Akaweka vidole juu ya herufi za kibodi. Vidole vikakaa pale pale.

Hakuna kitu kilichokuja. Hakikuja hata kipande, hata herufi ya kwanza. Alihisi kama mtu aliyefungua kabati la nguo akakuta ukuta.

Alimtupia mkewe jicho. Mkewe aliliona jicho lile, akakunja shati vilevile na makunyanzi yake, akaingia jikoni. Hapo ndipo Fundi alipoogopa kweli, maana ugomvi ulikuwa umeisha bila mkia.

Kila ugomvi wa nyumba ile ulikuwa na mkia. Zamani, kabla hawajaoana, alikwenda kwao kutengeneza redio ya baba mkwe, mvua ikamkuta huko, binti wa nyumba akamwazima mwavuli. Ulikuwa na maua na mpini wa mti. Akausahau kusikojulikana. Tangu hapo, wagombane kwa chumvi, kwa watoto, kwa ndugu wa upande wowote, mwanamke alimaliza kwa sentensi moja: "Na mwavuli wangu uko wapi?" Fundi angecheka, na mambo yangekwisha.

Sentensi ile ilikuwa imepotea nyumbani. Ilipotea baada ya Fundi kusahau chuma cha kuchomelea kikiwaka mezani, kikala kitambaa na mbao. Mkewe aliweka chombo cha maua juu ya shimo lile. Toka siku hiyo alikuwa hamuulizi mumewe chochote kinachoanza na "wapi." Funguo akizikosa, alizitafuta mwenyewe.

Fundi akajaribu majina ya watoto. Sanduku likakataa. Akajaribu mtaa wa zamani, redio ya kwanza aliyoifufua. Likakataa, kisha likamwambia asubiri kidogo, kama karani wa dirishani.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, akaingia kuangalia bati lake limefikia wapi. "Andika jina la mke, shemeji. Wanaume wote tunaandika jina la mke au la timu ya mpira."

"Nimejaribu."

"La mke?"

"Na la timu."

"Basi jaribu la yule mwingine."

"Ajaribu!" sauti ikatoka jikoni. "Mashine ikifunguka, mimi nafunga mlango!"

Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi alijaribu kucheka, mdomo ukagoma.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mshonaji wa nyumba ya pili, mama wa makamo ambaye simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Kijana wake aliondoka kwenda kutafuta maisha, na sasa alikuwa kimya muda mrefu. Picha zake zote zilikuwa sandukuni, wala hapakuwa na nyingine.

"Benki," mshonaji akasema, tabasamu lake limechoka, "nimekuja kutoa. Nipe moja tu, nikaichapishe niweke ukutani. Nimeanza kuusahau uso wa mwanangu, hebu fikiria, mama gani huyo?"

Fundi akasikia masikio yanawaka. "Nahamisha vitu, mama. Njoo kesho."

"Kesho hakika?"

"Hakika."

Mshonaji akashukuru, akaondoka. Shemeji naye akaaga haraka, kicheko kimemwisha. Aliusikia uongo ule.

Mkewe akatoka jikoni akifuta mikono. Akakaa karibu, akamwekea kiganja begani. "Si kitu, baba. Pumzika. Hata mimi nasahau. Wiki hii tutakwenda hospitali, watakuangalia tu."

Sauti ilikuwa laini, ya kubembelezea mtoto mwenye homa. Ilimchoma kuliko tusi.

"Usiniongeleshe hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama mgonjwa! Nilioa mwanamke mwenye ulimi, huyu mpole katoka wapi? Nimekufa? Ndiyo matanga haya? Nigombeze!"

"Sitaki."

"Nigombeze, mama watoto. Nakuomba."

Mkewe akaondoa mkono begani. Akasimama. Na mlango uliokuwa umefungwa miezi yote ukang'oka.

"Unataka? Haya! Umeunguza meza ya marehemu mama yangu! Umeacha bomba wazi mpaka jikoni tukatembea kama bata! Juzi umeniita kwa jina la dada yangu, nikaitika, nikaenda kulia chooni ili usinione! Unatia sukari kwenye chai iliyokwisha tiwa sukari, na mimi nainywa! Nimechoka kuwa mpole, upole si kazi yangu! Na mwavuli wangu uko wapi?"

Mkewe akaziba mdomo kwa kiganja, kama neno lilimtoroka.

Fundi akageuka polepole. Vidole vikaanza kutembea vyenyewe, bila nafasi, kama alivyovitembeza siku ile ya kwanza huku akicheka peke yake: *mwavuliwanguukowapi*.

Sanduku likakohoa. Likafunguka.

Mkewe akainama kusoma kioo. "Mjinga wee," akasema, akaweka paji lake la uso juu ya upara wa mumewe, akakaa hivyo kidogo. Machozi ya mkewe yalimteremkia Fundi sikioni, hakuyafuta.

Picha za kijana wa mshonaji zilikuwepo zote. Walirusha moja kwenye simu ya mkewe, naye akaita kwa sauti juu ya ukuta wa uani mpaka mshonaji akaja na uzi bado shingoni. Aliiangalia muda mrefu. "Kumbe ana kovu kidevuni," akasema.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuhamisha kabla la zamani halijakata roho. Waya wa mtandao ulikuwa mmoja na masanduku mawili.

"Wa pili nitaufuata mimi dukani," mkewe akasema.

"Duka si hapo kwenye kona? Nakwenda mwenyewe."

Akamwacha aende.

Dukani vitu vilining'inia mpaka mlangoni: kandambili, chaja, mifagio. "Nikupe nini, mzee?" muuzaji akauliza. Fundi akafungua mdomo. Nyuma ya muuzaji palikuwa na rafu, na kwenye rafu vitu vingi, na hakuna hata kimoja kilichomwita. Manyunyu yakaanza. Nyuma yake watu wawili walikuwa wanasubiri. Kisha akaiona miavuli imefungwa pamoja kama fimbo, mmoja una maua, na moyo ukamtulia. Bila shaka ndicho alichofuata.

Alirudi haraka, nyumba anaijua, mwavuli kaukumbatia umefungwa, yeye mwenyewe ameloa. "Nimekuletea!"

Mkewe akatazama mwavuli. Akatazama mkono wa pili, mtupu. Akatazama mifuko ya suruali, imelala. Mwisho akamtazama usoni, na Fundi akaona kitu kimepita pale na kushikwa kisidondoke.

Akaupokea. Akaufungua palepale sebuleni, maua yakagusa taa.

"Haya. Umelipa. Sikudai tena."

"Kabisa?"

"Kabisa, mzee. Ila mpini si wa mti. Hilo nakusamehe." Akavaa kandambili. "Ngoja niujaribu. Nafika hapo dukani mara moja."

"Unafuata nini?"

"Kitu kidogo. Kajifute maji."

Fundi akakaa mezani, kwenye sanduku jipya. Feni ilizunguka bila kelele. Nyuma yake palikuwa na tundu dogo la mraba la kuchomekea waya, limekaa wazi, halina kitu ndani. Akaliangalia. Akalipitishia kidole.

Akainuka mbio mpaka mlangoni amwite, mwavuli ukawa umeshapinda kona.