Nafasi ya Mbele

Kila Desemba ufuo wetu wa ziwani huwa na mbio za mashua, na mashua ya mume wangu ilikuwa ikishindana ikiwa na nafasi moja tupu mbele. Hapo ndipo alipokuwa akikaa, akipiga ubavu wa mashua kwa kiganja na kuwachokoza wenzake kwa maneno mpaka wakacheka na kuvuta makasia kwa pamoja. Alfajiri moja walipokuwa wakirudi kutoka kuvua, dhoruba iliwapindua. Waliokolewa wote isipokuwa yeye. Wenzake wakaapa kwamba hakuna atakayekaa pale tena.

Tangu hapo mimi na ziwa tulinuniana. Mimi huuza omena, wale dagaa wadogo, katika soko la Mamboleo, na kazi hii ina mtindo wake: mashua zikikaribia asubuhi, wanawake hujitosa majini na mabeseni, anayefika kwanza huchagua. Mimi nilisubiri mchangani, nikichukua mabaki yaliyopondeka. Wateja walinung'unika. Niliwajibu vibaya, maana ulimi wangu haujawahi kununiana na mtu.

Kwenye mbio, mashua yetu ilishika mkia kila mwaka, nasi tukapigiwa makofi ya huruma. Lakini mwaka jana vijana walifanya mazoezi hasa, wakashinda mzunguko wa kwanza. Hapo ndipo nahodha wa wapinzani, mzee mwenye kitambi na sauti kubwa, alipogundua dhuluma.

"Hiyo mashua yenu iko nyepesi," akasema. "Mtu moja amepungua. Jazeni hapo ama mtoke."

Wasimamizi wakakubaliana naye. Mmoja akashauri tuweke gunia la mchanga, na tayari mtu alikuwa ameenda kulitafuta.

Hasira zilinipanda. Miaka yote hiyo wameheshimu nafasi ya mume wangu, leo wakalishe gunia pale! Nilivua viatu, nikakunja leso, nikaingia majini. Maji yaliponigusa vifundoni nilitaka kurudi, kusema kweli. Lakini watu walikuwa wananitazama, nami sipendi kuonekana mjinga.

"Mama, mwanamke haingiangi mashua," mzee akaniambia. "Samaki zitakimbia."

"Wacha zikimbie, Mzee. Kwani leo mnavua?"

Ufuo mzima ukaangua kicheko. Mzee akanitazama juu mpaka chini, akapima mwili wangu, ambao si haba, na uso wake ukang'aa. Aliona zawadi, dume la mbuzi lililofungwa pale kando, tayari limefika kwake.

"Basi akae," akasema. "Akae kabisa!"

Nikakaa. Firimbi ya mzunguko wa mwisho ilipolia nilifumba macho, nikashikilia mbao kwa mikono miwili. Tulikwenda kwa uzito wa harusi isiyo na bwana harusi. Nilipofumbua macho tulikuwa nyuma ya kila mtu, na vijana nyuma yangu wanavuta ovyo, huyu hivi, yule vile. Nilijua angesema nini. Mkono wangu ukaachilia mbao, ukapiga ubavu wa mashua.

"Nyinyi! Mnapiga kasia ama mnakoroga uji?"

Kisha mmoja wa wale waliookoka siku ile akacheka, wengine wakamfuata.

"Huyo wa nyuma, umelala? Mke wako amekuletea chai?"

Pa! Pa! Makasia yakaanza kuingia majini pamoja. Maneno yote yalikuwa ya mume wangu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyatunza. Tuliwapita wa kwanza, tukawapita wa pili, na karibu na ufuo tukampita mzee mwenyewe. Nilimpungia mkono, tabia mbaya niliyoifurahia sana.

Tulishinda. Nahodha wetu alinikumbatia akilia waziwazi, nami nikalia nikicheka, huku nimesimama majini mpaka magotini bila kukumbuka kwamba ni maji. Nilimkumbuka mume wangu, na kwa mara ya kwanza kumkumbuka kulinifurahisha.

Jumatatu asubuhi mashua zilipokaribia, nilikunja leso, nikatangulia majini na beseni langu. Nilichagua omena wazuri, wanaong'aa. Nyuma yangu wenzangu walipiga kelele.

"Aii yawa! Mama, si wewe hungojanga pale mchangani? Nani amekuruhusu kutupita?"

Niliwaambia waende wakamlalamikie mume wangu.