Kinasa Sauti Chini ya Kanga

Redio ikiwa wazi mimi sisemi neno. Watoto wa dada yangu hunicheka. "Mama mkubwa, hiyo inasema tu, haisikii." Nawaacha. Hawakuwapo Tanga miaka ile ya hamsini, gari la redio lilipokuwa likizunguka kutafuta habari za mji.

Mume wangu alikuwa tarishi wa baraza la mji. Madiwani wakikutana, yeye husimama mlangoni na sinia la chai, wanamsahau kama wanavyosahau kiti. Jioni akila ananiigizia. Mmoja alipenda kumwigiza kuliko wote, diwani mwenye hoteli mbele ya soko. Bwana yule akitaka kusema uongo hukohoa kwanza, kikohozi kidogo kikavu, halafu hupangusa miwani. Mume wangu alikuwa akikohoa vile mimi nacheka mpaka wali unanitoka puani.

Siku moja akaniambia baraza linataka kuwaondoa wanawake wanaokaanga vitumbua kwenye vibaraza vya soko, eti wanaleta moshi na nzi. Kisha akakohoa, akapangusa miwani asiyokuwa nayo, akasema kwa sauti ya yule diwani: "Wakiondoka hawa, watu watakula wapi? Kwangu!" Alisema maneno hayo kayasikia kwa masikio yake, ndani ya kikao.

Haukupita muda kukawa na harusi Usagara. Akaja kijana wa redio, kavaa suti, ana adabu za kutia shaka. Alimwomba shangazi wa biharusi amruhusu anase nyimbo za harusi. Mwanamume haingii penye singo, biharusi anaposuguliwa manukato, kwa hiyo akakaa uani na mashine yake, akatupitishia dirishani kinasa sauti na waya mrefu. Tukaimba. Tulipomaliza, ukafika wakati wa vichekesho vyetu, vile ambavyo wanawake huvaa kanzu na makoti wakawaigiza waume zao na wakubwa wa mji, na mwanamume yeyote haoni.

Shangazi akapaza sauti dirishani. "Mwanangu, zima chombo chako, tumemaliza!"

"Nimezima, mama."

Kwa stara tukakifunika kile kinasa sauti kanga mbili, tukaridhika. Kitu hakina macho, sisi tukakifunga macho.

Nikaingia na kanzu na tarbushi. Nikakohoa. Nikapangusa miwani. "Mabibi, nzi wa mji huu nimewahoji mimi mwenyewe. Wote wamekiri wametoka kwenye vitumbua vyenu."

Bibi mmoja mkaanga vitumbua akanirukia: "Na wale walio kwenye supu yako, bwana mkubwa, wametoka wapi?"

"Wale wageni wangu! Wamelipa!"

Nyumba ikacheka. Basi kichwa kikanivimba, nikamalizia: "Nyie ondokeni tu. Watu watakula wapi? Kwangu!"

Jumapili yake tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya jirani, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, tunasikiliza redio. Msemaji akasoma habari za Tanga, akasema baraza limekata shauri juu ya wakaanga vitumbua. Kisha akasema sasa tusikie mchezo wa kuigiza wa kinamama. Nikasikia kikohozi changu.

Wanaume walicheka, wakapigana mapaja. Mmoja alisema, "Lo, huyu kamvaa diwani mzima mzima!" Mume wangu peke yake hakucheka. Wako wanaosema yule kijana wa redio alisahau kuzima. Hakusahau. Alitaka kitu cha kuchekesha baada ya habari, akakipata bure. Huyo ndiye mkosaji wangu wa kwanza, na wa pili ni diwani. Wa tatu nilikuwa nampikia.

Tulipofika nyumbani hakugusa chakula. "Maneno yale ya hoteli umeyasikia kwa nani?"

"Ebo! Kwako. Ulikuwa umekaa hapo hapo, unakula samaki."

"Mimi sikukwambia."

"Hukuniambia?"

"Kikaoni walikuwa madiwani na mimi. Kesho wataniuliza. Sasa sikiliza, mke wangu. Utasema umeyasikia kwa yule mzee anayefagia ofisi. Hupita dirishani na ufagio wake."

Mzee yule alikuwa Mdigo, mtu wa salamu na kazi yake, hana alilolijua. Nikamwambia mume wangu, mtu yule ana wajukuu wanaomtegemea.

"Na mimi je? Unataka nikaanze kubeba mkonge?"

"Sema ulitania nyumbani kwako. Nani hatanii nyumbani kwake?"

"Utasema, husemi?"

"Sisemi."

Alinipa talaka asubuhi, mbele ya mashahidi, kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Nilielewa maana ya sauti ile. Ilikuwa ifike kwa madiwani kabla yake, ionekane amemtupa mkosaji. Wanawake wa vitumbua waliondolewa, hoteli ikajaa, na mume wangu akabaki na kofia yake ya utarishi.

Nilikuwa nakwenda kwetu Mkwaja, nimekaa juu ya mzigo wangu kungoja gari, nilipomwona yule mzee mfagizi anakuja upande wangu. Hana ufagio. Siku ya kazi ile.

"Shikamoo, babu."

Aliniangalia usoni kama anayetafuta ile sauti ya redioni. "Marahaba. Wamenifukuza, mjukuu wangu. Wanasema nimetoa maneno ya kikao. Ati nimetajwa na mwanamke."

"Si mimi, babu. Wallahi si mimi. Mimi nimeachwa kwa sababu sikukutaja."

"Aliyenitaja kasema ni wewe."

"Ni mume wangu huyo!"

"Na sauti ile ya kwenye redio?"

"Ile yangu."

Akatikisa kichwa polepole. Gari likaja, utingo akatupia mzigo wangu juu. Nilimwapia tena kupitia dirishani, nikamwapia kwa mama yangu. Akasema, "Haya, mjukuu wangu, safari njema," kwa upole ambao mtu humpa anayemdanganya, akageuka kwenda zake.