Skrubu ya Robo Saa

Mume wangu ni fundi wa redio, na mtaa mzima unamwita Robo Saa. Mpelekee pasi iliyoungua, redio iliyokata sauti au feni iliyogoma, jibu lake ni moja: robo saa tu. Watu wameoa, wamezaa na wamehama wakiisubiri robo saa hiyo. Mimi mwenyewe, siku ya kuja kunichumbia, alituma ujumbe kwamba yuko njiani, robo saa. Alifika kesho yake, feni ya mtu mkononi. Nilimkubali hivyo hivyo. Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Jina hilo hakupewa na wateja. Alilipata kwa dada yake mkubwa, wifi yangu, mwalimu wa muziki ambaye sasa amestaafu. Bwana huyu alipokuwa na miaka tisa alifungua kinanda kidogo cha dada yake, kile cha kukanyaga kwa miguu, ili aone sauti inakaa wapi. Dada mtu akamkuta sakafuni katikati ya vipande. Akamwambia, robo saa tu dada, nakirudisha. Alikirudisha kweli, ila skrubu moja ikabaki, na kinanda hakikutoa tena hata mguno.

Tangu siku hiyo wifi hajamruhusu kugusa kitu chake. Balbu ikiungua kwake, anaita fundi wa mtaa wa pili, na habari zinamfikia mume wangu kupitia kwa watu. Yeye hucheka. Lakini mimi ninayeishi naye najua jambo hilo linamuuma kuliko yote aliyowahi kukosea, na orodha si fupi.

Sasa wifi ana kinanda kikubwa cha umeme, cha zamani, kizito kama kabati la nguo. Mwezi uliopita hoteli moja ilifunga ukumbi wake wa dansi na kuuza vitu, naye akanunua alichokitamani tangu usichana wake: kasha la spika inayozunguka. Ndani yake juu kuna pembe mbili zinazozunguka, na chini kuna ngoma ya mbao inayozunguka pia, kwa hiyo sauti inatoka ikitembea chumbani badala ya kukuangalia usoni. Tatizo ni kwamba kasha lilikuja na kebo nene yenye plagi ya pini sita, bila karatasi ya maelezo. Mafundi wawili walikuja, wakakuna vichwa, wakaaga. Ndipo wifi akanipigia simu mimi, si ndugu yake, akasema nimwambie aje, na aje na kitambaa cheupe cha kuwekea skrubu.

Asubuhi hiyo mume wangu alioga mara mbili. Tulipofika hakutaja robo saa. Alisema hajui kazi itachukua muda gani, na mimi nikatafuta kiti nikae.

Nyuma ya kinanda, mmiliki wake wa zamani alikuwa ameacha tundu la kuunganishia spika, nalo lilikuwa la pini sita. Plagi iliingia kama imezaliwa humo. Fundi mwingine angewasha. Yeye aliichomoa, akakaa chini na kipimo chake cha umeme, akafuata waya mmoja baada ya mwingine hadi akatuonyesha: kwenye pini ambayo kinanda kinatolea sauti, kasha lilikuwa linangoja umeme wa mota. Plagi zilifanana sura tu, undugu hazina. Angewasha, chumba kingejaa moshi. Ningependa kusema ilikuwa busara, lakini ilikuwa hofu ya dada yake.

Akahamisha nyaya na kuzichomelea upya. Kila skrubu aliyoitoa aliilaza kwenye kitambaa na kuizungushia duara kwa kalamu. Zilikuwa kumi na nane. Wifi alijifanya anasoma gazeti, ukurasa uleule, saa tatu nzima.

Kazi ilipokwisha wifi aliwasha kinanda mwenyewe. Alishikilia swichi ya kwanza mpaka magurudumu ya ndani yanayotengeneza sauti yakashika mwendo, kisha akabonyeza ya pili. Akagusa noti moja. Pembe zikaanza kuzunguka polepole, halafu akaongeza kasi, sauti ikatetemeka chumba kizima na vikombe vikalia kabatini. Wifi hakusifu wala hakulaumu. Alizima, akamwambia afunge.

Akafunga. Skrubu kumi na nane zikarudi zilikotoka, na kwenye kitambaa yakabaki maduara matupu. Akaenda kunawa mikono akipiga mluzi. Hapo wifi akafunua kopo lake la vifungo, akatoa kitu, akakiweka katikati ya kitambaa, akanitazama huku kidole kiko midomoni. Mimi ni mke mwaminifu, lakini siku hiyo nilikuwa wifi zaidi.

Mume wangu aliporudi, mluzi ulikatika. Skrubu fupi ya shaba ilikuwa inamwangalia. Alihesabu maduara, akayahesabu tena. Ya shaba, akanong'ona, basi itakuwa ya ndani kabisa. Akachukua bisibisi na kufungua kasha lote upya, mgongo, pembe, mikanda, akitafuta tundu lililokosa skrubu. Sisi tulikunywa chai. Saa nzima ikapita. Mwishowe aliketi sakafuni, mtu wa miaka hamsini na nne mwenye mvi zake, akasema bila kutuangalia:

"Dada, nisamehe. Nimeharibu tena."

Wifi akaweka kikombe chini. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Hujaharibu kitu. Hiyo ni ya kinanda changu kile cha miguu."

Mume wangu akaiokota, akaigeuzageuza kiganjani. Niliona alipoitambua, kwa sababu aliiweka bisibisi chini.

"Miaka arobaini na mitano umeiweka?"

"Si uliniambia robo saa? Nilikuwa nasubiri."

Mume wangu aliitia skrubu mfukoni, akajifuta uso kwa kitambaa chake cheupe, wino wa maduara ukambaki shavuni. Wifi akauona, akauacha.

"Funga kasha taratibu, mdogo wangu," alimwambia. "Ukimaliza, balbu ya jikoni imeungua."