Chupa Tatu za Uzi Mwekundu

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini aliitwa Mama Kamua, kwa sababu blanketi zito la watu wawili alilishika peke yake, akalisokota kama kamba, na likitoka mikononi mwake halikudondosha hata tone. Wanaume waliojaribu kushindana naye waliishia kucheka wenyewe.

Mahali pao paliitwa Kwa Madobi. Palikuwa na masinki manane ya saruji, bomba moja la maji, nguzo za chuma zenye kamba za kuanikia, na nyuma ya ukuta mfupi kijito kilichopokea maji machafu. Kwa miaka ishirini na sita Mama Kamua alifulia sinki la tatu. Wateja wake walikuwa gesti mbili, kliniki moja ya meno, na makapera wasiohesabika ambao, kwa maneno yake, walikuwa wanajua kuvaa tu.

Hakuzaa. Lakini mdogo wake alipofariki aliacha binti wa miaka sita, na siku ya tatu baada ya mazishi Mama Kamua alimshika mkono mtoto yule, akaenda naye kazini. Binti alifanyia kazi zake za shule juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi. Alimwita mamkubwa, na mamkubwa alimwita mwanangu. Madobi wengine walimwona anavyokazana na vitabu, wakamwita Msomi, na jina likamkaa. Kila muhula mmoja wao alimwuliza amekuwa wa ngapi. Akiwa wa kwanza walipiga vigelegele, akiwa wa pili walimsema mwalimu.

Msomi alifika chuo kikuu, akamaliza, akarudi tena kutafuta shahada ya juu zaidi. Mwaka huo ndipo alipokuja Kwa Madobi na sanduku la chupa tupu.

"Nafanya utafiti wa vinyuzi," aliwaambia, wakiwa wameketi kwenye ukuta kula chakula cha mchana. "Nguo nyingi siku hizi si pamba. Ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Mkisugua, inakatika vipande vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vingine vinakwenda na maji, vingine vinapeperuka. Vimeonekana ndani ya samaki, kwenye vumbi la vyumbani, hata kwenye mapafu ya watu."

Pasi, mwanamke aliyekuwa akipiga nguo pasi ya mkaa chini ya kibanda cha bati, alimeza tonge lake kwanza.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wewe umekaa chuoni miaka sita kuja kutuambia hilo?"

Walicheka wote, na Msomi mwenyewe akacheka. Mama Kamua peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Na vikishafika mapafuni vinafanya nini?"

"Ndicho kinachotafutwa sasa, Mamkubwa. Wapo wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi waliopata ugonjwa wa kifua. Kwa watu wanaofua kama nyinyi, hakuna aliyewahi kuangalia vizuri. Ndiyo maana nimekuja hapa."

Alitaka mambo matatu: maji ya masinki na ya kijito, hewa wanayoivuta, na makohozi yao ya asubuhi kwenye vikopo. Hilo la mwisho liliwakwaza. Mmoja alisema makohozi yake ni siri yake na Mungu wake. Ikabidi Mama Kamua asimame.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Kama mnaniamini mimi, mwaminini na yeye."

Wanawake sita walikubali, Pasi akiwa wa kwanza. Yeye Mama Kamua alivaa kwenye kola kimashine cha kunyonya hewa, kikamvumia sikioni kwa wiki nzima. Alikung'uta mablanketi kikivuma, akakohoa kikivuma. Wapita njia walimwuliza kama ameajiriwa redioni.

Kwenye maji ndiko alikomsaidia zaidi. Msomi alikuwa amepanga kuchota sehemu tisa, kuanzia Kwa Madobi kushuka chini.

"Kwa nini unaanzia kwetu?" Mama Kamua alimwuliza. "Kijito hakizaliwi hapa."

Akampandisha kando ya kijito mpaka nyuma ya kiwanda cha mablanketi. Pale, chini ya uzio, lilitokeza bomba pana kama mlango wa tanuri, likitapika maji ya uvuguvugu yenye rangi ya zambarau. Majani ya pembeni yalikuwa yameshika manyoya, utadhani kondoo wamejikuna hapo. Ukingo ulikuwa unateleza. Mama Kamua alijikita kwenye shina la kichaka, akamshika binti kifundo cha mkono, na binti akainama akajaza chupa tatu.

Dobi haamini kalamu, maana wino huondoka na maji. Nguo za kila mteja hushonewa uzi wa rangi yake ndani ya kola. Kwa hiyo zile chupa Mama Kamua alizifunga nyuzi shingoni: tisa uzi mweupe, na tatu za kiwandani uzi mwekundu.

"Zisije zikachanganyika," alisema.

"Mamkubwa, hii ni hazina," Msomi alimjibu, akiikumbatia chupa ya mwisho. "Hakuna aliyefika pale."

Mwezi uliofuata alimpeleka maabara kuona. Mama Kamua alivaa gauni lake la harusi za watu, akainamia hadubini, akaona vinyuzi vya bluu na vyekundu vimelala kama nywele zilizoanguka kwa kinyozi. Msomi alimwambia kwamba vingine kama hivyo vilikuwa ndani ya makohozi yake. Mama Kamua akasema kile cha bluu anakijua, ni shuka la gesti. Walipokuwa wanatoka, binti alimnong'oneza ngazini kuwa chupa za uzi mwekundu zilikuwa na vinyuzi mara arobaini ya zile za masinki.

Kisha Msomi akapotea. Alipopigiwa simu alikuwa kikaoni. Alipokuja alikaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa chai nusu kikombe, akaulizia afya. Mama Kamua alidhani ni uchovu wa masomo. Aliwaambia wenzake wasubiri, majibu yanapikwa.

Majibu yaliletwa na ofisa wa afya wa manispaa, mtu mpole aliyebandika karatasi kwenye nguzo kwa gundi yake mwenyewe. Ilisema kwamba kufuatana na utafiti wa chuo kikuu, masinki yale ndiyo chanzo kikuu cha uchafuzi wa kijito kwa vinyuzi vya plastiki, na yangefungwa baada ya siku thelathini. Wenye maoni walikaribishwa mkutanoni Jumanne, saa nne asubuhi.

Mama Kamua aliisoma mara mbili. Akawaambia wenzake kuna mtu amekosea kuandika. Akampigia Msomi, simu ikaita mpaka ikakata.

Jumanne walikwenda wote wanane. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja. Mbele waliketi ofisa wa afya, profesa aliyemsimamia Msomi, na bwana mmoja mwenye shati lililonyooka vizuri sana, aliyetambulishwa kama meneja wa kiwanda cha mablanketi na mfadhili wa mashine mpya ya maabara. Msomi alisimama kando ya ukuta mweupe, akaonyesha picha. Ya kwanza ilikuwa ya mikono inayokamua shuka, imekuzwa ukuta mzima. Mama Kamua alilitambua kovu la kidole gumba kabla hajatambua kwamba ni mikono yake.

Ramani ilifuata. Kijito kilichorwa kwa rangi ya bluu na kilianzia Kwa Madobi. Juu ya hapo pameachwa peupe, kana kwamba maji yale yalikuwa yakichomoza ardhini chini ya masinki yao. Vidoti vya chupa vilikuwa tisa. Alivihesabu kwa kidole juu ya goti lake, akavirudia.

Muda wa maswali ulipofika alinyanyuka.

"Tulichota chupa kumi na mbili. Tatu tulizichota kwenye bomba la kiwanda, mimi na wewe. Ziko wapi?"

Ukumbi uligeuka kumtazama. Msomi alitazama karatasi zake.

"Asante, mama, kwa swali lako," alisema. "Katika utafiti wowote kuna sampuli ambazo hazikidhi vigezo. Hizo haziingizwi."

Alisema mama. Hakusema Mamkubwa. Alilisema kama linavyosemwa kwa mwanamke yeyote aliyeshika foleni mbele yako. Mama Kamua aliendelea kusimama, akidhani kuna neno jingine linakuja. Profesa akamwomba aketi ili wengine nao wapate nafasi.

Nje, hakuna aliyemngoja. Pasi ndiye aliyerudi hatua chache, na hakurudi kumpoza.

"Ulisema tukikuamini wewe tumwamini na yeye," alisema. "Mimi nimetema kwenye kopo kwa ajili ya maneno yako."

"Sikujua."

"Huenda hukujua. Lakini aliingia kwetu kwa mlango wako."

Msomi alifika nyumbani kesho yake, mchana. Mama Kamua alikuwa anapanga mashuka. Hakuacha kupanga.

"Zilikidhi vigezo," alisema kabla binti hajaketi. "Uliniambia mwenyewe ngazini."

Msomi aliongea haraka, kama mtu anayetua mzigo. Ile mashine ilikuwa imetolewa na kiwanda. Profesa alikuwa amemwambia azitoe zile chupa tatu, la sivyo aanze utafiti mwingine tangu mwanzo, na muda wake chuoni ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Alidhani ripoti itakaa kabatini kama nyingine. Hakujua manispaa wangeifanyia kazi.

"Ungeniambia."

"Ungenizuia, Mamkubwa."

"Ndiyo. Ningekuzuia."

"Sikuandika jina la mtu yeyote. Hakuna anayejua ni nani."

Mama Kamua aliweka chini shuka alilolishika, akamtandazia viganja vyote viwili juu ya meza. Vilikuwa vimekauka kwa sabuni, kovu liko pale pale.

"Hivi vilikuwa ukutani mbele ya watu," alisema. "Unadhani wenzangu hawavijui? Ungeniibia ningesema ni njaa. Ungenitukana ningesema ni ujana. Lakini umenitumia kuwafunga wenzangu, halafu ukanishukuru kwa swali."

Msomi alianza kulia. Zamani Mama Kamua angemfuta uso kwa upande wa kanga. Siku hiyo alichukua shuka lake akaendelea, na binti akaaga akaenda.

Siku zile thelathini Mama Kamua hakukaa kimya. Alichota maji ya bomba la kiwanda mwenyewe, akayapeleka ofisi ya maji kwenye dumu safi. Kijana wa mapokezi alimweleza kwa adabu kwamba bila karatasi ya maabara hayo ni maji ya rangi tu. Alikwenda chuoni, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa profesa kuanzia saa mbili mpaka saa nane, akaambiwa yuko safarini, huku akimsikia anapiga chafya ndani. Aliporudi alimweleza Pasi kila kitu, akiwa amesimama mlangoni pake kwa sababu hakukaribishwa kuketi. Hakuomba msamaha wala hakujitetea. Alisema tu alichofanya na alichojibiwa. Keshokutwa yake akarudi kueleza tena. Mara ya tatu Pasi alimsogezea kigoda kwa mguu.

Masinki yalivunjwa kwa nyundo siku ya ishirini na tisa, ikibaki siku moja. Madobi walitawanyika. Wawili walifulia uani kwao, na maji yao yalirudi kijito kilekile kwa mtaro mwingine. Mama Kamua alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini ya ardhi, kwenye mashine nne na taa zisizozimwa. Kila baada ya zamu alichomoa chujio la mashine ya kukaushia, akabandua juu yake tabaka la manyoya laini ya kijivu, nene kama kitambaa. Hakuna aliyempa cha kufunika pua. Alijifunga kitambaa chake mwenyewe, na wafanyakazi wenzake walipomcheka aliwaeleza kwa nini, polepole, kama alivyoelezwa siku ile ukutani. Maneno ya yule binti yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko uongo wake: kwamba alijua, na alijua vizuri.

Kikohozi kilipokataa kuondoka, Msomi alisikia kwa watu. Alikuwa tayari amepata shahada na chumba chake chenye jina mlangoni. Alikuja asubuhi akiwa na gari la kukodi, akampeleka kliniki ya kifua, na Mama Kamua hakukataa, kwa sababu pumzi hairingi. Waliketi kwenye benchi moja. Binti alimshikia bahasha ya picha za mapafu na kumfunikia miguu kwa shali. Daktari alisema kuna kovu dogo upande wa kulia, kwamba hawezi kuapa limetokana na nini, na kwamba arudi kila miezi mitatu.

Nesi aliyejaza fomu aliuliza jina, umri na kazi. Kwenye kazi Mama Kamua alisema dobi.

"Ndugu wa karibu wa kupigiwa simu?"

Msomi aliinua uso na kufungua kinywa. Mama Kamua alitangulia. Alitaja jina halisi la Pasi, ambalo binti hakuwahi kulisikia, akataja na namba yake tarakimu moja moja, nesi akiandika.

"Ni nani wako?"

"Ni mwenzangu wa kazi."

Nesi aligonga muhuri. Msomi alikunja shali, akaliweka ndani ya mfuko, na wakatoka kwenda kusubiri dawa.