Breki za Bi Nerea na Mafuta ya Papa

Jua la Mokowe bado halijapata makali, na Bi Nerea Wanyama amepiga magoti nyuma ya gari lake, mikono myeusi hadi viwikoni. Gurudumu la nyuma limelazwa mchangani. Gari limeinuliwa kwa jeki, kisha likawekewa vipande vya boriti chini yake, maana jeki, kwa maneno yake, ni ya kuinulia, si ya kuaminia.

“Nipe ule uzi,” anamwambia mwandishi wa habari hizi, aliyekuja kuuliza maswali na sasa amekuwa msaidizi bila kuajiriwa.

Uzi wenyewe ni bendeji. Anakifunga kwayo kile kibano cha chuma kinachozibana pedi za breki, kisha anakining'iniza kwenye springi ili mpira unaopitisha mafuta ya breki usivutike. Fundo analolipiga ni lile lile analowafungia waliovunjika mikono. Bi Nerea ni muuguzi na mkunga wa zahanati, na hapa anapotengenezea gari ni uani kwake.

Hana pengine pa kulipeleka. Gereji ya karibu iko Malindi, zaidi ya maili mia moja, na kati yake na Mokowe kuna kivuko cha Garsen, ambako mvua ikinyesha Mto Tana ndio unaoamua nani apite na nani alale. Gari lisilo na breki halisafiri kwenda kutafuta breki.

“Kaka yangu Patroba ni fundi Mombasa,” anaeleza. “Nilipokuwa likizoni alinifanya nifungue na kufunga, nifungue na kufunga, mpaka mkewe akakataa kutuletea chai. Namshukuru sana. Yeye ndiye aliyenitumia vyuma hivi kwa basi.”

Gari hili dogo la Kifaransa, lenye breki za diski, zile sahani za chuma, nyuma na mbele, alilinunua kwa Mzungu wa idara ya kilimo aliyerejea kwao baada ya uhuru. Karibu nusu ya mshahara wake wa mwaka mzima iliishia humo. Ndugu zake kule Bungoma walimwambia amerogwa na watu wa pwani. Yeye alikuwa anafikiria wanawake wa kijiji cha Kililana waliokuwa wakiletwa gatini kwa punda huku uchungu umewashika, ndipo wapate mashua ya kuwavusha hadi hospitali ya kisiwani Amu.

“Gari ni langu kwa jina tu,” anasema akicheka. “Hata nikitaka kwenda dukani nakuta mtu amekwisha kaa ndani na mzigo wake.”

Pembeni yake, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, ameketi jirani yake Bi Mwanaarabu, mjane wa nahodha. Anamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba amenye, na kila baada ya kitunguu anachungulia gurudumu. Ana sababu. Binti yake Alawiya, aliyeolewa Kililana, yuko katika mwezi wake wa kujifungua. Mtoto wa kwanza alimpoteza nyumbani, na daktari wa Amu amesema safari hii lazima afike hospitali kabla ya uchungu. Lakini Alawiya ndiye aliyekuwa ndani ya gari hili siku lilipokataa kusimama.

Ilikuwa hivi. Miguu ya Alawiya ilikuwa imevimba, na Bi Nerea akamleta gatini aende kupimwa. Akaliegesha gari kwenye mteremko, akavuta breki ya mkono, akashuka kumwita mwenye mashua. Bi Mwanaarabu naye akashuka na kikapu. Breki ya mkono ya gari hili hushika magurudumu ya nyuma peke yake, na siku hiyo haikushika kitu. Gari likaanza kuteremka polepole kuelekea majini, Alawiya yumo kwenye kiti cha nyuma.

“Hakupiga ukelele,” anakumbuka Bi Nerea. “Nilimwona ameinama mbele, anavuta ile breki kwa mikono miwili. Nikakimbia, lakini mtu hashindani mbio na gari.”

Kilicholisimamisha ni rundo la boriti la Bwana Hadi, mfanyabiashara ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiambiwa aondoe miti yake njiani, na aliyekuwa akimpigia kelele kuliko wote ni Bi Nerea mwenyewe. Taa moja ikavunjika. Alawiya akashuka salama, akasafiri, akapimwa, akarudi.

“Nilikwenda kwa Bwana Hadi kumshukuru kwa ukaidi wake,” anasema. “Akaniambia, ‘Bi Nerea, si ulisema niziondoe? Naziondoa kesho.’ Nikamsihi aziache!”

Siku iliyofuata alifungua magurudumu, na harufu ikampiga usoni. Ilikuwa ya mafuta ya papa, yale yanayopakwa mbao za vyombo vya baharini zisioze. Hapa pwani harufu ya papa haimshtui mtu, na kwa siku kadhaa alikuwa ameisikia akidhani jirani anaanika samaki. Sasa aliyakuta mafuta yenyewe yameingia ndani ya pedi za nyuma, zote nne.

Alipoinua kichwa, Bi Mwanaarabu alikuwa amesimama mbele yake, machozi yanamtoka.

“Mimi ndimi, Bi Nerea,” alisema kwa Kiamu chake. “Niliona kutu, moyo ukaniuma. Marehemu mume wangu hakuwata chombo chake bila mafuta hata mwaka mmoya. Nikasema, gari hii yatukua wagonjwa wetu, nami sina la kumpa huyu mwana wa watu. Nikapaka. Magurudumu ya mbele sikuyafikia, yalikuwa ndani ya banda.”

Kumbe shukrani ndiyo iliyotaka kuua. Bi Nerea anasema alicheka hadi akakaa chini, kisha wakalia pamoja. Alipofika Mokowe hamjui mtu, Bi Mwanaarabu ndiye aliyemletea maji ya kuoga na mkate wa mofa, na hajaacha kumletea.

“Ningemkasirikiaje?” anauliza. “Ni nani mwingine katika nchi hii amewahi kuliangalia gari langu likamuuma moyo?”

Pedi zikishanywa mafuta hazina dawa. Na kutu yenyewe ilikuwepo kweli, imezila diski za nyuma zikawa na mifereji. Ndiyo maana leo anabadilisha vyote, pedi na diski. Diski ya zamani inagoma kutoka. Anaigonga kwa nyundo huku na huku mpaka inaachia, kisha anafungua karatasi ya ile mpya. Inang'aa na kuteleza.

Bi Mwanaarabu anaweka kisu chini.

“Mbona na wao wamepaka mafuta?”

“Wamepaka isishike kutu njiani, mama. Lakini kabla ya kufunga lazima yatoke yote.”

“Basi mimi sikuwa mjinga,” anasema Bi Mwanaarabu, akimgeukia mwandishi. “Andika hilo.”

Limeandikwa. Bi Nerea anaisugua diski kwa pamba na spiriti mpaka pamba inatoka nyeupe, kama anavyosafisha mahali pa kudunga sindano. Anakirudisha kibano, anapachika pedi mpya, anakaza nati. Anahamia upande wa pili na kufanya vile vile. Anakaza waya wa breki ya mkono, kisha anaketi kwenye usukani na kukanyaga pedali tena na tena, mpaka mguu unapata kitu kigumu.

Akinawa mikono, anaulizwa anatazamia nini mbele.

“Alawiya akishajifungua nitamfundisha kuendesha,” anajibu mara moja. “Mikono yake nimeiona. Siku nikiugua mimi, nani atanifikisha gatini?”

“Mwanamke wa Kililana aendeshe gari!” anasema Bi Mwanaarabu.

“Kwani mimi ni nini, mama?”

Bi Mwanaarabu ameona vyuma vikifungwa, lakini hilo halimtoshi. Tangu siku ile ya gatini amekula kiapo kwamba mwanawe hapandi tena, na Alawiya hatoki Kililana bila idhini ya mama yake. Kwa hiyo tunakwenda gatini. Bi Nerea analiegesha gari kwenye mteremko ule ule, pua imeelekea majini. Safari hii njia ni nyeupe, maana boriti zimepakiwa jahazini jana. Anavuta breki ya mkono, anashuka, anaufungua mlango wa nyuma.

Bi Mwanaarabu hashuki. Anajisogeza katikati ya kiti, anakusanya buibui lake na kuufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Kwanda nikae mimi,” anasema dirishani. “Ikiteremka, na initukue mimi.”

Anatoa tasbihi na kuanza kunong'ona. Bi Nerea anasimama kando, mikono nyuma. Wapagazi wa gatini wametua mizigo watazame. Gari halisogei. Bi Mwanaarabu anaizungusha tasbihi yote, punje kwa punje, na gari liko pale pale.

Anaibusu, anaitia kifuani, anagonga kioo kumwita Bi Nerea aje.

“Alhamdulillahi. Ndoo, Bi Nerea. Tukamtukue mwanangu.”