Wazo Langu Lilipewa Zawadi, Sasa Kogo Anatolewa Nyumbani

(Jina la mwandishi na la shamba tumeyaficha kama alivyoomba.)

Ndugu wasomaji, mnisamehe kwa kukawia. Barua hii nimeianza mara tatu tangu mvua zianze. Nikishika kalamu mtoto analia, akinyamaza mimi ndiye nasinzia. Pia niliogopa. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, nilifika darasa la saba, nina watoto wawili. Mimi na mume wangu tumetoka upande wa Kisii, tunafanya kazi katika shamba la majani chai huku Kericho. Huku hatuna ardhi wala ndugu. Tuna kazi, na chumba kimoja kinachovuja katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi.

Mwaka jana tulipata meneja mpya mwenye mambo ambayo hatukuwa tumeona. Saa nne asubuhi tuliletewa chai ya maziwa huko huko shambani. Mchunaji bora wa wiki alifungiwa utepe mwekundu kwenye kikapu. Halafu akaweka sanduku la mbao lenye kufuli kando ya mlango wa ofisi, akatukusanya penye mizani ya kupimia majani akasema, "Nyinyi ndio mnajua mali inapotelea wapi. Andikeni. Wazo likipunguza gharama, mwenyewe anapata zawadi." Wazee waliguna. Lakini dereva wa lori aliandika kwamba lori lianze kukusanya majani huko juu, lishuke likiwa limejaa, badala ya kupanda mlima na mzigo. Matumizi ya mafuta yalipungua, akapewa koti zito la mvua, na hakuna mtu aliyeumia. Hapo nikaamini.

Sasa, kuna mama mzee Mkipsigis tunayemwita Kogo, yaani nyanya. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wetu katika kibanda cha watoto tukiwa shambani. Mtoto wangu alipougua kifua, Kogo alimfunga kifuani mwake siku tatu, akipika uji wa wengine kwa mkono mmoja. Watoto wameongezeka na magoti yake yamechoka. Kwa hivyo niliandika karatasi nikaitia sandukuni. Upande wa mbele nilisema kina mama wenye watoto wachanga wapokezane zamu kibandani, wawili kila siku. Upande wa nyuma nikaandika sababu: ili Kogo akae chini awe anatuonyesha tu, maana yeye ndiye anayejua watoto.

Baada ya wiki mbili jina langu lilisomwa penye mizani. Makofi yakapigwa, nikapewa blanketi, meneja akanishika mkono. Kisha karani akasoma tangazo: zamu za kina mama zinaanza Jumatatu, na kazi ya mlezi imeondolewa. Kogo alikuwa amesimama mbele yangu. Aligeuka akaniuliza polepole, "Mtoto wangu, mimi nilikukosea wapi?"

Nilimkimbilia karani. "Ulisoma nyuma ya karatasi yangu?"

"Mama, mimi nilisoma kile kimeandikwa."

"Basi nionyeshe hiyo karatasi."

"Zilichomwa zote. Si umepata blanketi? Unatafuta nini tena?"

Tangu siku hiyo sijui nimshuku nani. Labda karani hakugeuza karatasi. Labda aligeuza, meneja akamwambia achana na hiyo. Labda walikuwa wameshaamua kumtoa Kogo kabla hilo sanduku halijapigwa misumari, wakawa wanangoja tu mmoja wetu aandike kwa mkono wake, ili tukilia tulie sisi kwa sisi. Hata chai ya saa nne siku hizi naiangalia kwanza kikombeni nikijiuliza nani ameilipia.

Shambani wananiita Mama Sanduku. Nikiingia kwenye mstari wangu mmoja anasema, "Nyamazeni, kalamu imefika." Mwingine anauliza, "Mama Sanduku, nikikohoa utaandika niondolewe?" Wanacheka, lakini hakuna anayeniinulia kikapu mgongoni tena.

Na wiki iliyopita meneja aliniita. Anataka niwe msimamizi wa zamu, niweke sahihi mwisho wa mwezi ujao, kisha nihamie nyumba ya Kogo, ya vyumba viwili na sakafu ya simiti. Nyumba inakwenda na kazi, kwa hivyo Kogo lazima atoke. Huko kwao Merigi amebaki na shemeji ambaye hata salamu hampi.

Mume wangu anasema, "Ukikataa atapewa mwingine. Kogo atatoka tu, na sisi tutabaki tukinyeshewa."

"Mimi siwezi kulala pale," nikamwambia.

"Basi lala hapa na maji."

Simlaumu, anaangalia watoto. Lakini nikishaingia nyumba ile, nani ataamini nilichoandika nyuma ya karatasi?

Jana nilikwenda kumweleza Kogo yote. Alikuwa anafunga sufuria zake kwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sijui kusoma. Mbele, nyuma, kwangu ni sawa. Kama ni kweli, uiseme pale penye mizani, watu wakisikia."

Nataka kuisema. Ila nikiisema, naweza kufika jioni bila kazi, na watoto bila chumba.

Kwa hivyo wasomaji, msinitumie pole, hizo ninazo. Anayejua sheria ya kazi aniandikie kama Kogo anaweza kutolewa hivi baada ya miaka yote hiyo, na kama mume wangu anaweza kufukuzwa kwa maneno yangu mimi. Ninyi wa mashamba mengine, kuanzia Bomet mpaka Kedowa, mlio na sanduku kama letu, niambieni baada ya zawadi ni nani aliyeondoka. Na kama yupo mama aliyewahi kurudisha zawadi mbele ya watu, anitumie maneno aliyoyasema, yote, kama alivyoyasema, kwa sababu mimi sijui nianzie wapi. Yachapishwe hapa ukurasani. Msiyatume shambani, barua zetu karani huzifungua kwanza.